Karavani Nyuma ya Valiant: Nani Aliruhusiwa Kulala Njiani?



Leo naleta mada ambayo najua baadhi yenu mtaicheka kwanza kabla ya kuisoma. Nataka tuzungumze habari za karavani. Si ile misafara ya pembe na watumwa, hiyo tumeshaichambua humu mpaka basi. Nasema yale mabanda ya bati na mbao yenye magurudumu mawili, yanayofungwa nyuma ya gari dogo, na ndani yake mna kitanda, jiko la gesi na kabati la vyombo.

Hapa Johannesburg ninapoishi kuna watu, tena si wachache, ambao kazi yao ya mwisho wa wiki ni kufufua karavani za miaka ya 1960 na 1970 na kuzivuta kwa magari ya umri uleule: Valiant, Chevrolet 4100, Ford Cortina na kadhalika. Utawaona kwenye maonyesho ya magari ya zamani, karavani imepakwa rangi mbili, mapazia ya maua dirishani, wazee wamekaa kwenye viti vya kukunja wakinywa chai. Na ukitaka kuona magari ya zamani ya kila aina mahali pamoja, kuanzia mikokoteni ya ng'ombe mpaka mabasi ya ghorofa, nenda Makumbusho ya Usafiri ya James Hall, kusini mwa jiji, yaliyofunguliwa mwaka 1964.

Mtu atauliza: Waswahili na hayo wapi na wapi? Ngojeni. Hoja yangu ni moja tu. Anayetaka kuielewa Afrika Kusini ya Makaburu kwa kutazama barabara zake asiulize nani alisafiri, maana kila mtu alisafiri, mwenye gari na mwenye miguu. Aulize nani aliruhusiwa kulala njiani. Na swali hilo, nitaonyesha, linatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki moja kwa moja.

Tuanze na neno lenyewe. Karavani ni neno la Kiajemi, karwan, yaani kundi la watu wanaosafiri pamoja kwa ajili ya usalama. Wazungu wakalichukua, likazunguka huko kwao, likaja kumaanisha gari la kulala. Sisi tulibaki na msafara, kutoka Kiarabu. Lakini wazee wetu waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 walijua kwamba kutembea ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuwa kupata pa kulala. Kila kambi ilikuwa na mwenyewe: kuna chifu wa kuombwa, kuna hongo ya kulipwa, nguo au waya wa shaba, ndipo wapagazi wapate maji na kuni. Msafara uliokataliwa kambi ulikuwa umekwisha hata kama wapagazi wake walikuwa na nguvu. Sasa shikeni hilo, tutalihitaji mbele.

Karavani ya mapumziko ni mtoto wa Uingereza. Mwaka 1885 daktari mmoja mwandishi wa hadithi za vijana, William Gordon Stables, aliagiza kwa Bristol Wagon Works gari la kukokotwa na farasi wawili, akaliita The Wanderer, akazunguka nalo nchini. Alikuwa na mtunza farasi, na mtumishi wake alitangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuangalia njia. Yaani mapumziko ya bwana yalitegemea jasho la watumishi tangu siku ya kwanza. Mwaka 1907 ikaanzishwa klabu ya wenye karavani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Eccles ikaanza kutengeneza karavani za kuvutwa na motokaa.

Huku kusini habari ilichukua sura nyingine kwa sababu Makaburu walikuwa tayari na hadithi yao ya gari la kulala: lile gari la maksai la babu zao, waliohama kutoka Rasi miaka ya 1830. Mwaka 1938, katika kutimiza miaka mia, magari ya maksai yalikokotwa tena kutoka Cape Town mpaka Pretoria, yakafika Desemba 16 mahali palipojengwa baadaye mnara wa Voortrekker. Walioandaa safari ile ni ATKV, chama cha lugha na utamaduni wa Kiafrikaans kilichoanzishwa mwaka 1930 na wafanyakazi wa reli. Na chama hichohicho, katika miaka hiyohiyo ya 1930, kilinunua shamba la Hartenbos karibu na Mossel Bay ili familia za wafanyakazi wa reli zipate pa kupiga kambi ufukweni. Mnaona? Mkono ulioshika hatamu za maksai ndio uliogawa viwanja vya mahema, na baadaye vya karavani. Likizo ilikuwa sehemu ya siasa tangu mwanzo. Hata jina lake kwa Kiafrikaans, woonwa, maana yake ni gari la kukalia, na "wa" ni lilelile gari la maksai.

Baada ya Vita vya Pili mishahara ya Wazungu ilipanda, barabara zikatiwa lami, na viwanda vikaitikia. Majina ya Jurgens, Gypsey na Sprite yakawa ya nyumbani. Valiant zikaunganishwa Silverton, Pretoria. Chevrolet na Cortina zikaunganishwa Port Elizabeth. Miaka ya 1970 General Motors walikuwa na tangazo maarufu lililounganisha nyama choma, raga, jua na Chevrolet kama furaha nne za taifa. Ni tangazo ambalo wanahistoria wa hapa wanalirudia mpaka leo, kwa sababu lilionyesha nchi nzima bila kumwonyesha mtu mweusi kama raia wake.

Sasa mambo ya ufundi kidogo, maana bila hayo hamtaelewa kwa nini kulala njiani kulikuwa lazima. Johannesburg iko kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya kabureta ya zamani hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake kabla hujaifunga mzigo wowote. Sasa ifunge karavani. Hesabu ya wazoefu ni kwamba uzito wa karavani usizidi asilimia 85 hivi ya uzito wa gari linaloivuta, na kiasi kama asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani kilalie kwenye kiungo cha nyuma ya gari. Ukipakia mizigo mizito mkiani, karavani huanza kuyumba, na likishayumba gari zima linafuata. Vitu vizito huwekwa chini, juu ya ekseli. Kabati za juu hubeba mablanketi tu.

Njia ya Durban ni karibu kilomita 570. Unapita Heidelberg, Villiers, Warden, Harrismith, halafu unafika Van Reenen, ambako nyanda za juu zinakatika ghafla na barabara inaporomoka kuelekea Natal. Watu hudhani hofu ni kupanda. Kupanda kunachemsha rejeta tu. Unasimama, unasubiri, unaongeza maji. Kushuka ndiko kunakotisha. Breki za zamani za ngoma zikishika moto zinalegea, na nyuma yako kuna tani nzima inayokusukuma. Ndiyo maana mafundi wa zamani walisema teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Kwa mwendo huo, katika barabara nyembamba ya enzi zile, familia nyingi zilikata safari mara mbili. Lazima ulale. Na hapo ndipo sheria ilikuwa inakusubiri.

Mwaka 1953 Bunge la Afrika Kusini lilipitisha Sheria Namba 49, ya kutenga huduma za umma. Iliruhusu mwenye mahali pa umma, au mwenye chombo cha usafiri, kupatenga kwa ajili ya rangi moja tu, na ikasema wazi kwamba sehemu zilizotengwa si lazima ziwe na ubora sawa. Viwanja vya karavani, fukwe, vyoo vya njiani, mahoteli, vyote vikaingia humo. Mweusi aliingia kwenye kiwanja cha karavani akiwa na ufagio. Tena kwa mtu mweusi kulikuwa na zaidi ya hapo: chini ya sheria za maeneo ya miji, asiye na haki maalumu ya kuishi mjini hakuruhusiwa kukaa zaidi ya saa 72 bila kibali, na alitakiwa abebe pasi, ile waliyoiita dompas, yaani pasi ya kijinga. Basi linganisheni: huyu anahesabiwa saa, yule anafungua hema la pembeni ya karavani yake akae wiki tatu.

Mzee mmoja fundi wa magari, Mhindi wa Fordsburg ambaye familia yake ilihamishiwa Lenasia, amenisimulia likizo zao za utotoni. Baba yake alikuwa na gari zuri, lenye nguvu ya kutosha kuvuta karavani yoyote. Karavani hawakununua. "Ungeiegesha wapi?" aliniuliza. Walikuwa wakiondoka jioni, wanawake wamekwisha kupika chakula cha njiani, padkos kama wanavyoita hapa, wanaendesha usiku kucha. Wakichoka sana wanakwenda kugonga kwa jamaa Ladysmith. Haja wanajisaidia kichakani. Gari walikuwa nalo, petroli walikuwa nayo, barabara ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni kambi. Si ndiyo hongo ile ya zamani, ila safari hii mlango haukuwa na bei?

Na huko Durban kwenyewe, ambako karavani za Johannesburg zilikuwa zikielekea kila Desemba, wamo watu wetu. Wengi humu mnawafahamu wale wanaoitwa Wazanzibari wa Durban. Ni watumwa waliokombolewa na manowari za Waingereza baharini, kama watu 500, walioteremshwa pale kati ya 1873 na 1880. Wengi asili yao ni Wamakua, ila jina la Zanzibar likawaganda. Walijijengea makao na msikiti Kings Rest, kwenye eneo la Bluff, karibu na bahari. Ilipokuja sheria ya kugawa maeneo kwa rangi, Bluff ikatengwa kwa Wazungu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wazanzibari wakahamishiwa Chatsworth, mbali na bahari, baada ya serikali kuwaandika kama aina ya "Waasia wengine". Hebu fikirini: familia ya kutoka Johannesburg iliweza kuja kulala mwezi mzima karibu na maji, na mtu aliyezaliwa palepale akaambiwa aondoke. Mgeni akapewa kambi, mwenyeji akanyang'anywa nyumba.

Njia ya pili ya likizo ilikwenda mashariki, Lourenço Marques, Maputo ya leo. Wazungu wa Transvaal walipapenda kwa kamba, bia na bahari, na kwa redio yake iliyosikika mpaka Johannesburg, mpaka Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975. Lakini njia hiyo ilikuwa na msafara mwingine uliokwenda kinyume: vijana wa Msumbiji walioandikishwa na Wenela kwenda kuchimba dhahabu, wanapakiwa kwenye treni, wanalazwa kwenye mabweni ya kampuni. Wenela waliandikisha hata kwetu, Nyanda za Juu Kusini za Tanganyika, mpaka serikali ya Uhuru ilipokataza. Wazee wa Tukuyu waliokwenda "Joni" walikuwa na kitanda kila usiku, na kila usiku kitanda hicho kilichaguliwa na mwajiri. Nacho ni kipande cha historia hii ya kulala.

Hapohapo mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwenye kampuni ya Airstream, alikusanya karavani zake 41 za aluminiamu zinazong'aa na watu zaidi ya mia moja, wakaondoka Cape Town kwenda Cairo. Wakapita Kongo ya Wabelgiji, Uganda, Kenya, wakazama kwenye matope ya Ethiopia, na mwaka 1960 wakaziegesha kwa duara karibu na piramidi za Giza. Kama ufundi na uvumilivu, mimi nawavulia kofia. Lakini tuelewe kilichowawezesha: katika kila koloni palikuwa na mkuu wa wilaya wa kuwaonyesha pa kuegesha. Mwafrika wa Johannesburg mwaka huohuo asingeweza kwenda hata Pretoria kwa starehe kiasi hicho.

Sasa njooni kwenye ushahidi ninaouona mzito kuliko wote. Januari 1962 Nelson Mandela alitoroka nchini kwa siri, akapitia Bechuanaland, akatua kwa ndege ndogo Mbeya. Katika kumbukumbu zake anaeleza kwamba hotelini Mbeya alikuta weusi na Wazungu wamekaa baraza moja wakizungumza, na kwamba hajawahi kabla ya hapo kuwa katika hoteli au mahali pa umma pasipo na ubaguzi wa rangi. Mtu wa miaka 43, wakili, kiongozi wa chama, usiku wake wa kwanza wa namna ile aliupata kwetu, Mbeya! Kutoka hapo akaenda Dar es Salaam kuonana na Mwalimu Nyerere.

Aliporudi, alisafiri kwa barabara hiyohiyo ya karavani. Agosti 5, 1962, akitoka Durban kurejea Johannesburg, alikuwa kwenye gari aina ya Austin Westminster pamoja na Cecil Williams, Mzungu mwongozaji wa maigizo, yeye akijulikana kama David Motsamayi, dereva. Ndivyo ilivyokuwa: mweusi ndani ya gari zuri alihitaji kuwa dereva wa mtu. Walikamatwa karibu na Howick. Gari kama lile leo ukilikuta kwenye maonyesho litakuwa limefungwa karavani na kubandikwa tuzo ya usafi.

Makaburu waliamini kwamba mtalii ni Mzungu, na Mzungu mtalii hana hatia. Imani hiyo ikaja kuwagharimu. Kati ya 1986 na 1993 kulikuwa na kampuni ya utalii yenye makao London, Africa Hinterland, iliyopeleka watalii kwa lori la Bedford kati ya Nairobi na Cape Town. Watalii walilala kwenye mahema, wakapiga picha tembo, wakaimba jioni. Hawakujua kwamba kampuni ilikuwa mradi wa ANC, na kwamba chini ya viti vyao mlikuwa na silaha. Inakisiwa kuwa tani 40 hivi ziliingia Afrika Kusini kwa njia hiyo, na lori halikukamatwa. Askari wa mpakani alitazama nyuso, akaona likizo. Habari hii ilitolewa kwenye filamu mwaka 2001, mnaoweza kuipata itazameni.

Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986, na ile ya kutenga huduma ikafutwa mwaka 1990. Viwanja vya karavani vikafunguliwa kwa wote, kwa maandishi. Kiwanda cha Jurgens, ambacho miaka yake ya mwisho kilikuwa Ga-Rankuwa, mji uliowahi kuwekwa ndani ya Bophuthatswana, kilifungwa mwaka 2020. Karavani ambazo Wazungu walilala ndani yake wakisema ni uhuru wa barabarani zilimalizia zama zake zikiundwa na mikono ya watu wa mji uliojengwa kwa ajili ya waliohamishwa. Nyingine za zamani leo zimegeuzwa vibanda vya kahawa na chakula, na wanaozifufua si Wazungu peke yao tena. Yule mzee wa Fordsburg, kwa mfano, ndiye anayewatengenezea breki. Anasema karavani ni kitu kizuri, halaumu bati wala mbao. Nami simlaumu anayependa gari la baba yake.

Ninachoomba ni kwamba tunapohifadhi chuma, tuhifadhi na swali lake. Makumbusho zinaandika mwaka, ukubwa wa injini na rangi ya asili. Haziandiki gari hili lililala wapi, na nani alipita nje ya uzio usiku ule akitafuta kichaka. Wazee wanaolijua jibu wanaondoka. Humu jamvini tuna watu wenye jamaa Durban, Lenasia, Tukuyu, Mbeya na Maputo. Muulizeni babu, bibi, shangazi: mlipokuwa mkisafiri kusini, mlilala wapi, na nani aliwaruhusu? Andikeni jibu kwa Kiswahili, na jina la mji, na mwaka. Likiwa la sentensi tatu tu, linatosha.

Naomba kuwasilisha.